Maji kwa mtoto mchanga: utafiti unasema nini, na Kivu ilichangia nini

« Uyu mutoto iko na kiu, mumupe mayi kidogo. » « Maziwa ya mama yake haitoshe. » Ni maneno mawili ambayo karibu kila mama aliyezaa huku kwetu amekwisha kuyasikia, iwe Goma, Bukavu, Uvira, Bunia ao Kindu. Mara mingi yanatoka kwa mama mukwe, kwa jirani ao kwa baba mwenyewe wa mtoto. Wenye kuyasema hawana roho mbaya. Wanaona jua kali, wanasikia mtoto analia, wanataka kumusaidia.

Lakini tangu mwaka 2001, Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6: hakuna maji, hakuna buyi, hakuna chai, hakuna dawa ya majani. Mbele ya hapo lilikuwa linasema miezi 4 mpaka 6. Wengi wamesikia shauri hilo kwenye kituo cha afya, lakini wachache wameelezwa sababu yake. Makala hii inaeleza namna mwili wa mtoto na titi la mama vinavyofanya kazi, na kwa nini « mayi kidogo » inaweza kuleta ile shida ambayo watu walikuwa wanaogopa.

Maziwa yenyewe ni maji

Katika kila sehemu 100 za maziwa ya mama, 87 ao 88 ni maji. Mtoto wa miezi michache anayenyonya vizuri anapata karibu mililita 750 za maziwa kwa siku. Hesabu inaonyesha kwamba ndani yake kuna zaidi ya nusu lita ya maji safi, ambayo hayakupita ndani ya bidoni, kikombe wala mkono wa mtu.

Je, wakati wa joto inatosha? Watafiti walijiuliza swali hilo kwenye inchi zenye jua kali kuliko milima yetu ya Kivu. Jamaika mwaka 1978, kisha Peru na India miaka iliyofuata, walipima mikojo ya watoto waliokuwa wananyonya tu bila kupewa maji. Mwili ukikosa maji, mkojo unakuwa mzito. Kwa watoto hao haukupita kipimo cha kawaida. Hawakuwa na kiu ya kuwatia hatari.

Sababu iko pia kwenye figo. Figo la mtoto mchanga halijajua bado kubana maji sawa figo la mtu mkubwa. Ukimupa chakula chenye chumvi na protini mingi, anahitaji maji mengi kwa kutosha uchafu wake kwa njia ya mkojo. Lita moja ya maziwa ya ngombe ina protini karibu gramu 33. Ya mama ina gramu 10 hivi, na chumvi kidogo. Maziwa ya mama yanalingana na nguvu ya figo la mtoto, ndiyo maana yanamwachia maji ya kutosha. Ya ngombe yalipimwa kwa ndama, ambaye anakomaa haraka sana.

Siku za kwanza tumbo la mtoto linapokea kidogo sana. Ndani ya saa 24 za kwanza, kila mara anaponyonya anapata mililita 2 mpaka 10 tu, sawa kijiko kidogo ao viwili. Wazazi wanaona mama anatoa matone tu ya rangi ya manjano na wanasema maziwa haijafika. Hayo matone ndiyo maziwa ya kwanza. Ni machache juu tumbo ni dogo, na yamejaa askari wa mwili na chembe nyeupe za damu zinazolinda utumbo. Kuyakamua na kuyamwaga ni kumunyima mtoto kinga yake ya kwanza kabisa.

Sukari ambayo mtoto hawezi kusaga

Kuna jambo moja ambalo liliwashangaza watafiti kwa muda mrefu. Ndani ya maziwa ya mama, kisha laktozi na mafuta, kitu cha tatu kwa wingi ni aina za sukari ambazo tumbo la mtoto haliwezi kuzisaga. Ziko zaidi ya 150, na zinafika gramu 10 ao zaidi kwa lita. Kwa nini mwili wa mama upoteze nguvu kwa kutengeneza chakula ambacho mtoto hakitumii?

Jibu ni kwamba zile sukari hazimlishi mtoto, zinalisha bakteria wazuri ndani ya utumbo wake, hasa wale wanaoitwa bifidobakteria. Hao wakishakuwa wengi, wanafanya utumbo kuwa na ukali kidogo, na bakteria wabaya wa kuhara wanakosa fasi ya kukaa. Tena, sukari zingine zinawanasa wadudu wa ugonjwa mbele hawajajishika kwenye ukuta wa utumbo.

Maji ya mto, ya bomba lililokatika ao ya bidoni inayokaa wazi yanakuja kuvuruga mpango huo. Yanaleta wadudu, kiisha yanachukua fasi ya maziwa yaliyokuwa na dawa yake. Kwenye mitaa ambako kipindupindu kinarudi kila mwaka, sawa kandokando ya ziwa Tanganyika na ziwa Kivu, hiyo si hatari ya mbali. Hata maji yaliyochemshwa yana shida: mtoto mdogo akipewa maji mengi, chumvi ya damu yake inaweza kushuka mpaka apatwe na degedege.

Titi halina stoki

Tufike sasa kwenye neno la pili: « maziwa haitoshe ». Hapa Kivu ina fasi yake katika historia ya utafiti.

Kule Lwiro, katika wilaya ya Kabare upande wa kaskazini ya Bukavu, kulijengwa taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC. Leo ni kituo cha utafiti wa sayansi ya asili, CRSN-Lwiro. Watu wengi wanajua Lwiro kwa sababu ya sokwe wanaolindwa pale, lakini kando ya majengo hayo kuna pia hospitali ya watoto, na kwa miaka mingi waganga kama Henri Vis na Philippe Hennart walichunguza huku Kivu utapiamlo na unyonyeshaji. Walipima hata wingi wa maziwa ya wamama wa vijijini.

Mwaka 1977, kundi lingine ambamo walikuwemo Pierre Delvoye na Claude Robyn lilichapisha matokeo ya vipimo vya damu ya wamama wanaonyonyesha hapa Kivu. Walikuwa wanatafuta homoni inayoitwa prolaktini, ile ambayo inaamuru titi litengeneze maziwa. Waligundua kwamba kiasi cha prolaktini kinafuata hesabu ya mara ambazo mtoto ananyonya. Kwa wamama walionyonyesha zaidi ya mara 6 kwa siku, homoni ilibaki juu kwa muda mrefu, miezi na miezi. Kwa wale walionyonyesha mara chache, ilishuka mapema.

Maana yake ni hii: titi si bidoni ambayo unamimina mpaka inaisha. Ni kiwanda kinachofanya kazi kwa oda. Mtoto akinyonya, habari inapita kwenye mishipa mpaka ubongo wa mama, ubongo unatoa prolaktini, titi linatengeneza. Homoni nyingine, oksitosini, inasukuma maziwa yatoke. Hiyo ya pili inasikia hofu na machungu: mama aliyekimbia vita ao aliyegombana nyumbani anaweza kuona maziwa yanakataa kutoka, ijapo yako ndani. Akitulia na mtoto akiendelea kunyonya, yanarudi. Tena, titi likibaki limejaa, lenyewe linapunguza kazi. Likiondolewa maziwa, linaongeza.

Sasa fuata kile kinachotokea nyumbani. Mtoto analia, watu wanasema maziwa haitoshe, anapewa maji ao buyi nyepesi. Tumbo dogo linajaa. Saa ya kunyonya ikifika, hataki. Titi linakaa limejaa, prolaktini inashuka, maziwa yanapunguka. Kisha siku kumi, maziwa kweli haitoshe. Watu wanasema: « Si tulisema? » Kumbe mwanzoni hayakukosekana. Maji ndiyo yaliyapunguza.

Mtoto analia kwa sababu nyingi: baridi, nepi imelowa, tumbo, usingizi, kutaka kubebwa. Kilio peke yake si kipimo cha njaa. Kipimo cha kweli ni mkojo na kilo. Kisha wiki ya kwanza, mtoto anayepata maziwa ya kutosha anakojoa mara 6 ao zaidi kwa siku. Katika wiki mbili hivi anakuwa amerudia kilo alizozaliwa nazo, kisha anaendelea kupanda. Ikiwa hakojoi vizuri ao kilo hazipande, hapo kuna shida ya kweli, na fasi ya kwenda ni kituo cha afya, ambako watatazama namna anavyoshika titi.

Mtoto mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 katika saa 24, usiku ndani yake. Usiku ni wa maana, juu ndipo prolaktini inapanda zaidi. Aachwe amalize titi moja mbele ya kupewa la pili: maziwa ya mwisho yana mafuta mengi kuliko ya mwanzo, ndiyo yanamshibisha.

Uzazi unaofuatana

Vipimo vya Kivu vilionyesha jambo lingine. Wamama waliokuwa na prolaktini juu walichelewa kurudia kuona damu ya mwezi. Mwaka 1988, wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana juu ya kanuni moja: ikiwa mama ananyonyesha kwa ukamilifu, damu ya mwezi haijarudi, na mtoto hajapita miezi 6, yuko na kinga ya asilimia 98 juu ya mimba ingine. Masharti yote matatu yanapaswa kuwa pamoja. Moja likikosa, mama atafute njia nyingine ya kupanga uzazi.

Hilo linagusa moja kwa moja ugonjwa ambao huku tunauita bwaki. Mganga Cicely Williams aliuelezea mwaka 1933 kule Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na akautaja kwa jina la lugha ya watu wa kule, kwashiorkor: ugonjwa unaomshika mtoto wakati mdogo wake anakuja. Mama amebeba mimba ingine, wa kwanza anaachishwa titi haraka, anabaki na bugali ya muhogo. Miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, mtoto anakuwa mwenye huzuni na hataki kula.

Zamani ilisemwa kwamba bwaki ni ukosefu wa protini tu. Leo tunajua haiko rahisi hivyo. Kule Malawi watafiti walifuata mapacha wanaokula chungu kimoja, na mwaka 2013 walionyesha kwamba mmoja anaweza kupata kwashiorkor na mwingine asipate, na kwamba bakteria wa utumbo wana sehemu yao ndani. Ndiyo maana usafi wa maji na chakula, na kunyonya kwa muda mrefu, vinahesabika sawa nyama na mayai.

Mama anayekula kidogo

Wamama wengi wanauliza: « Mimi mwenyewe ninalala njaa, nitatoa maziwa gani? » Ni swali la haki, hasa ndani ya kambi za wakimbizi. Utafiti unajibu kwa sehemu mbili.

Kwanza, mwili wa mama unamulinda mtoto. Protini na laktozi ya maziwa haibadiliki sana hata kama mama anakula vibaya. Mama mwembamba anaweza kunyonyesha, na kumusimamisha ni kumuweka mtoto kwenye hatari kubwa zaidi.

Pili, kuna vitu ambavyo maziwa yanavipata kutoka kwa sahani ya mama: vitamini A, vitamini za kundi B, na iodi. Kisiwa cha Idjwi kilijulikana kwa watafiti wa ulimwengu mzima kwa sababu hiyo. Tangu miaka ya 1960, kundi la François Delange na André Ermans lilionyesha pale namna ukosefu wa iodi, pamoja na sumu ya muhogo usiotayarishwa vizuri, vilileta uvimbe wa koo na watoto waliozaliwa na akili iliyodumaa. Kwa mama mwenye mimba ao anayenyonyesha, chumvi yenye iodi, muhogo uliolowekwa siku za kutosha, sombe, mawese yenye rangi nyekundu, maharagi na sambaza ao ndakala si anasa. Ni chakula cha watu wawili.

Mama mwenye virusi vya Sida

Miaka ya 1990 wamama wengi wenye VIH waliambiwa waache kunyonyesha. Mwaka 1999, utafiti wa Durban, Afrika ya Kusini, ulioongozwa na Anna Coutsoudis, ulionyesha jambo ambalo halikutazamiwa: watoto waliopewa titi peke yake waliambukizwa kidogo kuliko wale waliochanganyiwa titi na vingine. Vyakula vingine vinaweza kuumiza ukuta wa utumbo na kufungulia virusi mlango. Leo shauri ni kwamba mama anywe dawa zake kila siku bila kuruka na anyonyeshe bila kuchanganya mpaka miezi 6. Mambo mengine yote azungumze na munganga wake.

Kwa nini miezi sita, si mwaka?

Kuna wanaofikiri kwamba ikiwa maziwa ni mazuri namna hii, basi yanaweza kutosha mpaka mtoto atembee. Hapana. Mtoto anazaliwa na akiba ya chuma, ile inayotengeneza damu. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana, na akiba inaisha karibu na mwezi wa sita. Siku ya kuzaliwa nayo inahesabika kwa akiba hiyo: OMS inashauri kungoja dakika 1 mpaka 3 mbele ya kufunga kitovu, na utafiti wa Mexico wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto waliongojewa dakika mbili walikuwa na chuma zaidi kwa miezi 6.

Kisha miezi 6, nguvu nayo haitoshi tena. Pamoja na titi, mtoto anahitaji kutoka kwa chakula karibu kalori 200 kwa siku akiwa na miezi 6 mpaka 8, 300 akiwa na miezi 9 mpaka 11, na 550 katika mwaka wa pili. Buyi nyepesi inayomiminika sawa maji haiwezi kuleta hayo, juu tumbo linajaa mbele ya nguvu kuingia. Buyi nzuri inabaki juu ya kijiko. Ongeza ndani karanga zilizosagwa, soja, unga wa ndakala ao sambaza, yai, matone ya mawese. Mpe mara 2 ao 3 kwa siku mwanzoni, kisha 3 ao 4, na titi liendelee mpaka miaka 2 ao zaidi.

Mwaka wa kwanza hausahauliki mwilini. Watafiti wa Bukavu pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitafuta watu waliotibiwa utapiamlo mkali pale Lwiro wakiwa watoto, kati ya 1988 na 2007. Walipowalinganisha na wenzao wa vijiji vile vile, waliona kwamba wale waliougua walibaki nyuma katika masomo na katika vipimo vya akili, na magonjwa ya mwili mkubwa kama sukari ya damu iliyopanda yalionekana zaidi kwao. Waliponyeshwa, ndiyo, lakini alama ilibaki.

Wakati wa kukimbilia kituo cha afya

Peleka mtoto bila kungoja ikiwa: hataki kunyonya ao hana nguvu ya kunyonya, anapumua mbio, ana homa ao mwili wake uko baridi, anapata degedege, anahara na macho yanaingia ndani, miguu yote miwili imevimba. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, RECO anapima mkono kwa utepe: chini ya milimita 115 ni nyekundu, utapiamlo mkali, kati ya 115 na 125 ni manjano, inahitaji kufuatwa.

Dawa ambayo munganga ameandika, pamoja na maji ya chumvi na sukari ya kutibu kuhara, haivunje shauri la titi peke yake. Na ikiwa mama amefariki ao hawezi kabisa kunyonyesha, jamaa isijitungie buyi ya mtoto mchanga: iende kituo cha afya ionyeshwe namna ya kumulisha.

Kazi ya wale wengine nyumbani

Kunyonyesha mara kumi kwa siku ni saa nyingi. Mama anayepanda mulima na jembe saa kumi na mbili asubuhi, anayebeba mzigo soko, anayechota maji mbali, hawezi kuzipata ikiwa hakuna anayemupokea kazi. Mara mingi maziwa hayapunguki kwa sababu ya mwili wake, yanapunguka kwa sababu ya siku yake. Baba anaweza kuchota maji na kuchukua zamu ya shamba. Mama mukwe anaweza kupika na kubeba mtoto anayelia ili mama alale kidogo. Jirani anaweza kumletea sahani ya maharagi. Na yule mama akienda shamba, aende na mtoto mugongoni, ao akamue maziwa ndani ya kikombe safi kilichofunikwa yamsubiri mtoto nyumbani.

Kwa hiyo, siku mtoto atakapolia na mtu aseme ana kiu, kikombe cha maji kiletwe kweli. Kipewe mama.